Risasi Iliyopigwa Hewani

Ikikaribia saa kumi alasiri, Wamucii aliondoa mikate kwenye rafu ya katikati, akaipanga chini karibu na katoni za sabuni, kisha akafungua dirisha la mbele na dirisha la nyuma. Duka lake lilikuwa pale mtaa wa West Indies, kwenye kona, na risasi ilikuwa na njia yake: iliingia kwa dirisha la mbele, ikavuka kaunta, ikatokea dirisha la nyuma. Mwanzoni ilikuwa ikitoboa mbao. Wamucii alipochoka kuziba matundu alimwita fundi amkatie madirisha mawili yanayotazamana, na tangu hapo yeye na risasi hawakukosana tena.

Tryphosa Nasambu alikuwa amekuja kununua chumvi.

"Ngoja kidogo, Mama Nekesa," Wamucii alimwambia. "Wacha ipite kwanza."

Nje, mwanamke aliyekuwa akianika alishusha kamba ya nguo. Mwalimu mmoja alishuka kwenye baiskeli, akaiegemeza ukutani, akainama huku ameshika kofia. Watoto waliokuwa wakicheza bano, zile gololi za kioo, hawakuhitaji kufanya lolote, maana walikuwa wamechuchumaa tayari. Mlio ukaja kutoka upande wa Kiplombe, mlio wa nyuki aliyebeba mzigo. Mtaa mzima ukainama. Risasi ikapita juu ya kaunta, polepole kiasi cha mtu kuona jinsi ilivyochakaa, ikatoka nyuma na kushika njia ya mtoni. Watu wakainuka, wakajipangusa magoti, wakaendelea na shughuli zao.

"Leo imewahi," Wamucii alisema, akimpa chumvi.

"Ni upepo," Tryphosa alisema.

Naye alikuwa ameinama. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Risasi iliyomuua mumewe ilimpita kila siku ya Mungu, naye anaiinamia kana kwamba anasalimia wakwe. Alichukua chumvi yake akaenda nyumbani na hasira zake.

Mgeni akiuliza risasi hiyo ilitoka wapi, jibu ni fupi. Ilitoka Soy, mwaka wa themanini na nane, siku ya uchaguzi wa mlolongo. Uchaguzi ule haukuwa na karatasi wala sanduku. Mtu alikwenda uwanjani akasimama nyuma ya wakala aliyebeba picha ya mgombea anayemtaka, na mwenye mlolongo mrefu ndiye mshindi. Kazi ambayo hata ng'ombe angeiweza. Siku hiyo mlolongo mmoja ulianzia kwenye lango la soko ukazunguka uwanja wote, na mwingine ulikuwa wa watu wanaoenea kwenye kivuli cha lori moja. Msimamizi akapita, akatazama huku, akatazama kule, akatangaza kwamba ule mfupi ndio mrefu. Watu wakaguna, wakakunja miavuli, wakaenda zao. Nani angebisha? Miaka ile watu walikuwa na macho, midomo ndiyo iliyokuwa likizo.

Simeon Shitanda hakwenda zake. Alikuwa mume wa Tryphosa, karani wa ghala la mahindi, mtu mpole lakini mwenye ugonjwa wa kupenda hesabu ziwe sawa. Alibaki mahali pake kwenye mlolongo ambao haukuwapo tena, peke yake katikati ya uwanja, akasema kwa adabu, "Hesabuni tena."

Inspekta Kituyi, aliyekuwa akilinda uwanja, alimwamuru atoke.

"Hesabuni tu, Afande," Simeon alisema. "Mimi nitawangoja hapa."

Inspekta akachomoa bastola, akampiga moja kifuani.

Jioni hiyo bwana D.O., mkuu wa tarafa, aliitisha baraza palepale. Alieleza kwamba askari alilazimika kupiga risasi moja hewani ili kutuliza wananchi, na kwamba kwa bahati mbaya kulikuwa na raia ambaye moyo wake, dakika hiyohiyo, uliamua kusimama wenyewe. Basi risasi ikakosa la kufanya. Ilikuwa imeshatoka kwa mgongo wa Simeon, iko mbioni kutafuta pa kuanguka, lakini serikali imesema iko hewani. Itue wapi? Kwa ruhusa ya nani? Ikabaki hukohuko. Ikawa inapita Soy asubuhi, Kiplombe baada ya saa tisa, West Indies saa kumi, na inakolala hakuna ajuaye. Kila mahali ilipita kwa kimo kimoja, kimo cha kifua cha mwanamume aliyesimama. Yeyote mwenye akili zake angeuliza hiyo ni hewa ya namna gani. D.O. aliwaomba wananchi wawe wakiinama, na wananchi wakainama.

Kwa watu wa Tryphosa, mtu akishazikwa, ndugu hukutana siku ya tatu wanyolewe. Lakini wembe haugusi kichwa cha mtu mpaka mzee anayesimamia aulize mbele ya wote: huyu ameuawa na nini? Jibu likishasemwa hadharani watu hunyolewa, msiba unaisha, na mfu anakwenda zake. Walikutana kwenye shamba dogo la Simeon, huko Kiplombe. Inspekta Kituyi alihudhuria. Alikuwa wa ukoo wa jirani, na kukosa kungekuwa aibu. Alipewa kiti cha kukunja, akala ugali na nyama, na mzee wa wembe alipouliza, macho yote yakamgeukia. Kituyi akafuta midomo kwa leso.

"Mimi yangu nilipiga hewani," alisema.

Wakati huo risasi ilikuwa inapita nyuma ya nyumba, juu kidogo ya masufuria, na waombolezaji wote wakainama. Kituyi peke yake alibaki wima kwenye kiti chake. Mzee akaufunga wembe kwenye kitambaa, akasema bila jibu hakuna kunyoa.

Hapo ndipo wazee walipokosea. Walidhani aibu itamrudisha Kituyi baada ya wiki moja au mbili, maana walimpima kama mtu wa kwao, wakasahau kwamba ana mwajiri. Kituyi hakurudi. Nywele za Tryphosa zikaendelea kukua. Alizisuka, akazikunja, akazifunga kwa kitambaa cheusi, na majirani walipomwambia kwamba nywele kama hizo humnyima mfu usingizi, aliwajibu, "Na mimi je, mliniona nimelala?"

Alichotaka kilikuwa kitu kimoja, wala hakukificha, hata kanisani akiulizwa haja ya maombi yake. Alitaka risasi irudi kwa mwenyewe.

Klabu ya shabaha ilikuwa kwenye machimbo ya zamani ya mawe, Kiplombe. Askari, watu wa benki na wafanyakazi wa viwanda walikutana pale Jumamosi, wakalenga karatasi kwa bastola ndogo za mashindano. Bingwa wa klabu, mwalimu wake na mtoa amri wake alikuwa Inspekta Kituyi. Kombe lilikuwa limekaa kwenye kabati lake mpaka limeacha alama kwenye mbao.

Tryphosa alikuwa mkaguzi wa vitambaa katika kiwanda cha nguo. Siku nzima kitambaa kilipita mbele yake juu ya meza yenye taa, naye akatafuta matundu. Mwaka ule wakubwa walikuwa wamejaa maneno ya maendeleo ya akina mama, na kiwanda kikatangaza kwamba timu yake ya shabaha inataka mwanamke. Alijiandikisha wa kwanza. Hakukuwa na wa pili.

Kituyi alimtambua mara tu aliposhuka kwenye lori la kiwanda.

"Pole na msiba, Mama," alisema.

"Bado haujaisha, Afande."

"Umewahi kushika bastola?"

"Sijashika. Nimeona tu ikitumika."

Kituyi akatikisa kichwa, akampa moja isiyo na risasi, akamwonyesha pa kusimama.

Sasa, ukweli usemwe hata kama unauma: shetani naye anaweza kuwa mwalimu mzuri. Kwenye ule mstari wa kupigia, Kituyi alikuwa mtu mwingine. Hakufoka, hakupendelea mtu, hakudanganya. Risasi za kwanza za Tryphosa zilitawanyika kama mahindi ya kuku, nyingine hazikuifikia karatasi kabisa, na vijana wa benki wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kituyi hakucheka.

"Usitafute katikati," alimwambia. "Katikati itakuja yenyewe. Tafuta kundi kwanza. Risasi zako zote zikikaa pahali pamoja, hata kama ni pahali pabaya, wewe ni mpigaji. Kuzihamisha ni kazi ya bisibisi tu, unageuza hii skrubu kidogo, zinasonga zote. Lakini mtu wa moja hapa, moja kule, huyo nitamgeuzia nini?"

Akamfundisha kusimama ubavu, mkono mmoja umenyooka, mwingine mfukoni. Akamfundisha kuushika mpini vilevile kila mara, vile mtu anavyoshika mkono wa mtoto akivuka barabara. Kuvuta pumzi, kuitoa nusu, kuisimamisha. Kuitazama ncha ya mbele ya bastola mpaka ionekane wazi kabisa, na kuiacha shabaha iwe ukungu. Kisha kidole.

"Usivute. Kamua. Kamua kama ng'ombe ambaye hajakuzoea. Ikilia, hata wewe mwenyewe ushtuke."

Na liko jambo moja alilolisisitiza kuliko yote. Baada ya kila risasi, kabla hujatazama karatasi, ulitakiwa useme imekwenda wapi. Juu kulia. Chini kidogo. Mkono unajua, Kituyi alikuwa akisema, na mtu asiyeweza kusema ukweli wa risasi yake mwenyewe hawezi kuendelea hata akifundishwa na malaika. Tryphosa alimtazama usoni aliposema hayo. Kituyi hakupepesa. Aliamini kila neno lake.

Risasi ya Soy ilipita hapo pia. Ilitokea kwenye upenyo wa mawe nyuma ya shabaha na kuja moja kwa moja juu ya njia ya tatu ya kupigia, kisha ikaendelea mjini. Klabu ilikuwa na kanuni yake: kengele ikilia, bastola mezani, watu wanageuka mbele, mikono nyuma, vichwa chini mpaka ipite. Njia ya tatu iliachwa bila mtu, ikaota nyasi. Kituyi alipigia njia ya pili siku zote, na kengele ilipolia alisimama wima, kifua mbele, kama yuko kwenye gwaride. Kuinama kwa nini, aliuliza, na risasi iko hewani?

Tryphosa aliomba njia ya nne.

Kila jioni akitoka kazini alishika pasi ya makaa kwa mkono mmoja, akaunyoosha kuelekea msumari uliokuwa ukutani, akangoja mpaka mkono uache kutetemeka. Wamucii alimkuta hivyo siku moja, akasimama mlangoni kwa muda.

"Haki, Mama Nekesa, huo ukuta si umenyooka tayari?"

"Bado una makunyanzi."

Wamucii akaingia, akaketi, uso umebadilika. "Skiza. Ukimpiga yule mtu watakunyonga. Mwanao Nekesa atalelewa na nani?"

"Simpigi."

"Hiyo pasi basi ni ya nini?"

"Nitaipiga yake," Tryphosa alisema, bila kushusha mkono. "Ikiwa inapita. Nitaigusa ubavuni tu, itoke njia ya tatu iingie ya pili. Yake ndiyo itampiga."

Wamucii alifikiri. Aliifahamu ile risasi kuliko watu wengi, maana alikaa nayo dukani. "Iguse upande wa kulia," alisema hatimaye. "Huwa inapenda kuvuta kushoto."

Miezi ya mwanzo hasira ilimharibia. Kila akiinua bastola, duara jeusi la karatasi liligeuka kuwa uso wa Kituyi, na kidole kikakurupuka. Risasi zikaenda chini kushoto, juu, popote. Kituyi alisimama nyuma yake siku moja akatazama kwa muda mrefu.

"Wewe unaangalia adui, Mama," alisema. "Adui hawezi kukusaidia kupiga. Angalia bastola yako."

"Na huyo adui nimwache hivihivi?"

"Mwache awe ukungu. Hatatoroka."

Akafuata. Chuki hakuipunguza hata chembe, jamani, asije mtu akasema alisamehe. Aliikunja tu kama alivyokunja nywele, akaiweka mahali ambapo haimsukumi kidole. Risasi zikaanza kuitana. Kundi likawa la ukubwa wa sahani, likawa la kisosi, mwishowe ukaweza kulifunika kwa kizibo cha soda. Siku hiyo Kituyi aliichukua karatasi yake akawaita vijana wa benki waje waone. "Hii ndiyo kazi," alisema. "Leo kama jana, jana kama juzi." Tryphosa akajikuta anafurahi kusifiwa, na furaha hiyo ikamkera hata akashindwa kula jioni.

Fainali za klabu zilifanyika Jumamosi moja ya mwaka wa tisini. Hema lilipigwa, soda zikaletwa, D.O. akakaa katikati kwenye kiti chenye mto. Mzee wa wembe naye alikuja, amealikwa na Tryphosa. Alikaa pembeni na kitambaa chake magotini. Wapigaji waliachwa nyuma mmoja baada ya mwingine, mpaka wakabaki wawili wenye alama sawa, Inspekta Kituyi njia ya pili na Tryphosa njia ya nne, kila mmoja na risasi moja ya mwisho.

Kituyi akapiga yake. "Katikati, kulia kidogo," alisema kabla ya kutazama, na ilikuwa katikati, kulia kidogo.

Kabla Tryphosa hajainua mkono, kengele ikalia.

Kituyi akaweka bastola mezani, akageuka mbele, mikono nyuma. Watu wa hemani wakainamisha vichwa, D.O. akaweka kiganja juu ya chupa yake. Tryphosa hakuweka yake. Alijua kwamba akingoja kengele ya pili na kupiga karatasi, kombe ni lake, maana siku hizo hakuwa akikosa. Kombe la nini? Alinyoosha mkono. Mlio ukaja kutoka kwenye upenyo, nyuki na mzigo wake. Akavuta pumzi, akaitoa nusu. Akaitazama ncha ya mbele mpaka ikawa wazi kabisa, akaiacha risasi ya Soy iwe ukungu, akakamua. Bastola ikalia na yeye mwenyewe akashtuka.

Kulisikika mlio mdogo, wa kijiko kikigonga kikombe. Risasi ya Soy ikayumba, ikahama kutoka njia ya tatu hadi ya pili, ikaingia kifuani mwa Inspekta Kituyi na kutokea mgongoni.

"Ai, leo imebadilisha njia," alisema bibi mmoja wa benki.

Kituyi alibaki amesimama. Tundu lilikuwa safi, mahali palepale lilipokuwa la Simeon, na waliokaa nyuma yake waliweza kuona karatasi ya shabaha kupitia hapo. Risasi ilikuwa imepita hema, imechoka, inashuka. Ilikuwa inagusa majani ya nyasi kwa pua yake. Mzee wa wembe alianza kufungua kitambaa.

Tryphosa aliweka bastola mezani taratibu, kama alivyofundishwa.

"Afande," alisema. "Sema imekwenda wapi."

 Kituyi alijiangalia kifuani. Mkono ulikuwa unajua. Ulitoka nyuma ya mgongo, kidole kikapanda polepole hadi kwenye tundu, kikasimama ukingoni. Midomo yake ikafunguka. Ndipo akageuka akamtazama D.O., na D.O. akanywa soda. Kidole kikashuka hadi kwenye kifungo cha koti, kikakifunga.

"Hewani," Kituyi alisema.

Kwenye nyasi nyuma ya hema risasi ikainuka. Ikapanda hadi kimo chake, kimo cha kifua cha mwanamume aliyesimama, ikashika njia ya mjini. Mzee akaukunja tena wembe. Tryphosa alihisi nywele zikimlemea shingo, akatamani kulia, akakataa kuwapa raha hiyo.

Alama ya risasi yake ya mwisho ilikuwa sufuri, kwa sababu haikufika kwenye karatasi, na alionywa kwa kutotii kengele. Kombe lilikwenda kwa Kituyi. Alipopigwa picha alilishika mbele ya kifua. Mwaka haukuisha kabla hajapandishwa cheo, na yule mgombea wa mlolongo mfupi, ambaye bado alikuwa mheshimiwa, alikuja mwenyewe kumpongeza. Watu walilizoea tundu. Siku za upepo lilipiga mluzi, kwa hiyo mikutanoni walimkalisha mbali na dirisha, na mkewe alimshonea kiraka ndani ya kila shati. Hakuna aliyemuuliza neno. Kwenye faili ya Simeon moyo ulibaki umesimama wenyewe.

Wengine walitaka Tryphosa afukuzwe klabuni. Kituyi ndiye aliyekataa. Alisema mtu mwenye mkono kama ule hafukuzwi, na kwamba makosa yake ni ya kengele, si ya shabaha.

Jumamosi iliyofuata Tryphosa alirudi njia ya nne. Kengele ilipolia watu waliinama, Kituyi akasimama wima njia ya pili, maana angeinama sasa angekuwa amekiri kwamba haiko hewani. Tryphosa akapiga. Mlio wa kijiko, risasi ikahama, ikaingia kwenye tundu lilelile na kutokea upande wa pili bila kugusa hata ukingo. Kituyi hakuhisi kitu isipokuwa baridi kidogo. Jumamosi ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, vivyo hivyo. Palepale, palepale. Mkono wake ulikuwa umekuwa mzuri mno hata kisasi kikawa kinapita kwa mtu bila kumgusa.

"Kundi zuri sana," Kituyi alimwambia. Sauti yake ilikuwa imeingia hewa.

"Sema imekwenda wapi, Afande."

"Hewani, Mama."

"Haya."

Tryphosa akachukua bisibisi mezani. Kituyi alimtazama akiitia kwenye skrubu ya nyuma ya bastola na kuigeuza, na kwa muda kidogo macho yake yalikuwa ya mwalimu tu.

"Unaihamishia wapi?" aliuliza.

"Juu kidogo. Kwa mdomo unaosema."

 Kituyi alitazama skrubu, akatazama upenyo wa mawe, akatazama nyasi za njia ya tatu.

"Usizidishe," alisema. "Geuza kidogo, piga, uangalie. Ndipo ugeuze tena."

"Ndivyo ulivyonifundisha," Tryphosa alisema. Akageuza kidogo, akaiweka bisibisi kwenye mkoba wake badala ya mezani. "Tuonane Jumamosi."

Lori la kiwanda liliiacha risasi nyuma, naye akafika West Indies Wamucii akiwa bado anapanga mikate chini. Madirisha yalikuwa wazi. Mwalimu alikuwa ameshaegemeza baiskeli, kamba ya nguo imeshushwa, watoto wamechuchumaa na bano zao. Walingoja kuliko kawaida. Mlio uliposikika hatimaye mtaa mzima ukainama, isipokuwa Tryphosa. Yeye alisimama ubavu kwenye kaunta, mkono mmoja mfukoni, kitambaa cheusi kichwani na nywele zote chini yake, na risasi ikampita mbele ya kifua, karibu kiasi cha kumpepea blauzi.

Wamucii akainuka, akarudisha mikate kwenye rafu.

"Leo imechelewa," alisema.

"Ilikuwa na kazi Kiplombe," Tryphosa alisema. "Nipe chumvi."